Mwokozi Ni Uliyepanda Naye

Barabara kuu ya Kanada inapovuka milima ya Selkirk, jimboni British Columbia, hupita mahali paitwapo Rogers Pass. Usiku wa tarehe 4 Machi 1910, wafanyakazi wa reli ya Canadian Pacific walikuwa hapo wakisafisha njia iliyofukiwa na maporomoko ya theluji kutoka mlima Cheops. Wakiwa ndani ya mfereji walioukata kwenye theluji hiyo, maporomoko ya pili yalishuka kutoka mlima wa upande wa pili. Walikufa watu 58, na 32 kati yao walikuwa vibarua Wajapani. Siku 3 kabla, ng'ambo ya mpaka, kule Wellington katika jimbo la Washington, maporomoko mengine yalikuwa yamezisukumia treni mbili bondeni na kuua watu 96.

Ninaishi Calgary, mashariki ya milima hiyo, na binti yangu amekulia katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ubao. Alipotaka kwenda nje ya maeneo yanayolindwa, kusiko na lifti wala walinzi wa doria, nilimwambia haendi mpaka tusome kwanza, mimi na yeye. Ndipo nilipoanza kuifuatilia historia ya mafunzo ya kujikinga na maporomoko. Nimeona kwamba kwa miaka mia moja elimu ya maporomoko imekuwa ikihama: imetoka kwa mashirika ya reli na majeshi, ikapita kwa wanasayansi, hadi ikafika mikononi mwa mtu wa kawaida anayepanda mlima na rafiki zake. Kilichoileta huko ni uchache wa dakika.

Mwaka 1910 mamia ya watu walikuja kutoka Revelstoke na sepetu zao, lakini kazi iliyowangoja ilikuwa kuchimbua miili. Kampuni ya reli iliamua kupita chini ya mlima, na mwaka 1916 handaki la Connaught likafunguliwa. Huko Uswisi, mwaka 1936 watafiti walianza kuichunguza theluji katika kibanda pale Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Walieleza jinsi theluji inavyolala mlimani kwa matabaka, na jinsi kila tabaka linavyobadilika kadiri joto na baridi vinavyopishana ndani yake. Tabaka ambalo punje zake hazishikani, kama sukari, likifunikwa na bamba zito la theluji mpya, uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kulivunja, na bamba lote likaondoka naye.

Mmarekani Ed LaChapelle alisoma huko Davos, kisha mwaka 1952 akaenda Alta, Utah, alikokuwa Monty Atwater, askari wa zamani wa kikosi cha milimani. Atwater alikuwa akiiporomosha theluji kwa baruti kabla haijawaporomokea watu, na mwaka 1949 alikuwa tayari akiwafundisha wengine. Barabara ya Rogers Pass nayo ilipofunguliwa mwaka 1962, jeshi la Kanada lilipeleka mizinga ya kupiga miteremko ili theluji ishuke wakati magari yamezuiwa.

Lakini mizinga hulinda barabara. Mwenye ski aliyekwenda porini alikuwa na kamba nyekundu tu, akiikokota nyuma yake kwa kutumaini kwamba akifukiwa, sehemu yake itabaki juu. Mwaka 1968 mhandisi John Lawton, wa Buffalo, New York, aliunda Skadi, kifaa kidogo cha redio kinachotuma na kupokea mawimbi. Leo vifaa hivyo, tunavyoviita transiva, hutumia masafa ya 457 kHz, ili cha kiwanda kimoja kisikie cha kingine.

Mwaka 1994 jarida la Nature lilichapisha hesabu iliyobadili mafunzo yote. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 15, uwezekano wa kupona ulikuwa asilimia 92; zikifika dakika 35, ulishuka hadi asilimia 30 hivi. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2024 umezifupisha zile 15 hadi 10. Helikopta haiwahi. Anayewahi ni uliyepanda naye.

Ndiyo maana katika mafunzo tulifukia transiva ndani ya mfuko na kuwapa wanafunzi kazi ya kuitafuta. Binti yangu alikimbia akifuata mshale wa transiva yake, namba za umbali zikishuka. Alipokaribia, mwalimu alimpigia kelele apunguze mwendo na akishushe kifaa hadi usoni pa theluji. Akatafuta namba ndogo kabisa, akachoma ufito wa alumini kwa kuzunguka, hatua kwa hatua, mpaka ukagota. Ufito ukaachwa palepale. Wachimbaji wakasogea upande wa chini wa mteremko na kuingia kwa ubavuni. Kuchimba ndiko kulikokula muda mrefu zaidi, kwa kuwa theluji iliyokwisha kuporomoka hushikana ikawa ngumu.

Tarehe 1 Februari 2003, maporomoko kutoka mlima uleule wa Cheops yaliwakumba wanafunzi 14 na watu wazima 3 katika bonde la Connaught Creek. Watu wawili waliokuwa karibu waliyaona, wakafika na kuanza kuchimba, na walionusurika wakaungana nao. Watu 10 walipona. Wanafunzi 7 walikufa. Baada ya hapo Kanada iliunda kituo cha taifa cha maporomoko, ikayapanga maeneo ya milima kwa madaraja ya hatari na kuziwekea masharti makali safari za shule.

Msiba ule unaonyesha kwamba hata msaada ukifika haraka hautoshi. Katika ajali nyingi mno za mauti, anayeivunja theluji ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Ian McCammon alipochambua mamia ya ajali za Marekani, alikuta watu wengi waliokuwa na mafunzo wakaponzwa na mazoea: mteremko wanaoujua, nyayo za waliotangulia, kiongozi asiyeulizwa swali. Kwa hiyo siku hizi mwalimu mzuri huanza na taarifa ya asubuhi na kipimo cha mteremko, kwa kuwa nyuzi 30 hadi 45 ndizo za kuogopwa zaidi, na humzoeza kila mwanafunzi kusema "turudi" mbele ya wenzake.

Wazazi wenzangu mnaolea watoto katika nchi za baridi, msiridhike na jibu kwamba mtoto amebeba vifaa. Muulizeni amevifanyia mazoezi lini, na kama yeyote katika kundi lake, hata aliye mdogo kuliko wote, akisema turudi, wote watageuka.