Opera ya Cairo: Jumba la Mbao na Mrithi Wake

Abiria anayemwambia dereva wa teksi jijini Cairo ampeleke Medani ya Opera hashushwi mlangoni pa opera yoyote. Anashushwa karibu na sanamu ya Ibrahim Pasha juu ya farasi wake, na jirani yake linamtazama jengo la zege la kuegeshea magari. Hapo ndipo liliposimama jumba la Opera ya Khedivi kwa miaka 102 kasoro siku nne.

Mwenye wazo alikuwa Khedivi Ismail, mtawala aliyependa makubwa na hakuogopa madeni. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulikaribia kufunguliwa, wafalme na mamalkia wa Ulaya walikuwa njiani, naye hakutaka wakute mji usio na opera. Kazi wakapewa wasanifu wa Kiitaliano, Pietro Avoscani na mwenzake Rossi. Katika miezi sita hivi jumba likawa tayari, lenye nafasi za watazamaji 850. Haraka hiyo iliwezekana kwa sababu sehemu kubwa ya jengo ilikuwa mbao, jambo ambalo mapambo ya ndani yalilificha vizuri. Wanawake wa nyumba ya Khedivi walitengewa vyumba vyao vilivyozibwa kwa melimeli nyeupe. Wao waliona jukwaa; ukumbi haukuwaona.

Wengi husimulia kwamba jumba lilizinduliwa kwa Aida. Sivyo. Tarehe 1 Novemba 1869 pazia lilifunguliwa kwa Rigoletto, kazi nyingine ya Giuseppe Verdi, na mfereji wenyewe ukafunguliwa tarehe 17 mwezi huohuo. Aida ilikuja baadaye, na ilikuja kwa taabu. Ismail alimlipa Verdi faranga 150,000. Kisa kilitungwa na Auguste Mariette, Mfaransa mchimbuaji wa mambo ya kale, ambaye pia alisimamia mavazi na mandhari. Vitu hivyo vilitengenezwa Paris. Ikazuka vita kati ya Ufaransa na Prussia, mji ukazingirwa, na mizigo ikakwama humo. Hata mambo yalipotulia, Mariette hakupumzika: alimwandikia meneja wa opera, Draneht Bey, kwamba waimbaji wanyoe ndevu na masharubu, maana Farao mwenye masharubu angewachekesha watu. Mtu huyo Draneht naye alikuwa wa aina yake. Alizaliwa Cyprus, akasimamia reli za Misri pamoja na opera, na jina lake ni la mwalimu wake wa kemia, Thénard, lililogeuzwa kinyumenyume.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1871 Aida ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza duniani, okestra ikiongozwa na Giovanni Bottesini. Verdi mwenyewe hakusafiri.

Aida inahusu vita vya Misri na Ethiopia, na Misri ndiyo inayoshinda. Nje ya jukwaa mambo yalikwenda kinyume. Majeshi ya Ismail yaliivamia Ethiopia yakapigwa Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Mwaka huohuo wa 1875 meli zake ziliteremsha askari Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, hadi shinikizo la Uingereza lilipowaondoa. Madeni nayo yalimbana. Aliuza hisa zake za mfereji, akaondolewa madarakani mwaka 1879, na mwaka 1882 Waingereza wakaikalia nchi. Katika yote aliyoyajenga kwa kukopa, opera ilikuwa kati ya machache yaliyoendelea kufanya kazi yake, chini ya wafalme na kisha chini ya jamhuri.

Alfajiri ya tarehe 28 Oktoba 1971 moto ukaanza. Kituo cha zimamoto kilikuwa karibu tu, Ataba, lakini kwa mbao zilizokauka kwa karne nzima hilo halikusaidia kitu. Zilisalimika sanamu mbili za mchongaji Mohamed Hassan. Kujenga jengo la kuegeshea magari mahali pale ulikuwa uamuzi wa aibu, na ni vigumu kuupatia utetezi.

Mji ulikaa bila opera kwa takriban miaka 17. Jumba jipya lilipatikana kwa msaada wa Japani, safari hii kwenye kisiwa cha Gezira katikati ya Nile. Lilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1988, na miongoni mwa waliotumbuiza walikuwa wasanii wa Kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Wasanifu wa Kijapani hawakuiga Milano wala Paris. Walichota kwenye matao na kuba za Kiislamu. Ukumbi mkubwa una viti 1,200.

Mei 2013 watazamaji walikaa vitini wakisubiri Aida. Pazia lilipofunguka, waimbaji na wanamuziki walikuwa wamesimama jukwaani na mabango, wakitangaza mgomo. Waziri wa utamaduni alikuwa amemfukuza kazi mkuu wa opera, mpiga filimbi Ines Abdel-Dayem. Usiku huo Aida haikuimbwa. Mwaka 2018 Abdel-Dayem aliapishwa kuwa waziri wa utamaduni wa Misri, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.