Mwenye fataki ndiye mwenye bunduki

Lugha yetu imeiweka historia ya bunduki katika maneno matatu ambayo vijana wengi wa mjini hawayasikii tena. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaofuka moto. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki ikaja na kikofia kidogo cha shaba chenye dawa kali ndani yake. Kikigongwa hulipuka, na moto wake huwasha baruti. Wiki hii nazungumzia hiyo fataki, kitu kisichozidi punje ya mbaazi, kwa sababu imeamua mambo makubwa kuliko umbo lake.

Mambo yalianzia Uskoti. Mchungaji Alexander Forsyth wa Belhelvie alikuwa mpenzi wa kuwinda ndege. Bunduki yake ya gumegume ilimwudhi, kwani cheche na moshi viliwashtua ndege kabla risasi haijatoka. Mwaka 1800 mkemia Mwingereza, Edward Howard, alikuwa ameeleza dawa inayotokana na zebaki ambayo hulipuka ikigongwa. Forsyth akafanya majaribio yake na dawa za jamii hiyo, na mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha bunduki kwa kugonga badala ya kwa cheche. Baada ya miaka michache mafundi wengine waliiweka dawa hiyo ndani ya kikofia cha shaba. Kufikia miaka ya 1840 majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yakiliacha gumegume.

Faida ilionekana upesi: bunduki ya fataki ililia hata siku ya mvua. Lakini lilikuja na sharti moja zito. Jiwe la gumegume mtu angeweza kuliokota na kulichonga. Baruti ya kawaida ilipikwa katika nchi nyingi, na risasi iliyeyushwa jikoni. Fataki haikuokotwa wala haikupikwa jikoni. Ilihitaji shaba nyembamba, mashine za kuikata, na wakemia wanaojua kuishika dawa isiwalipue.

Wamarekani waliuona ukweli huo katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Majimbo ya Kusini yalikuwa na askari hodari na baruti ya kutosha. Mwishoni mwa 1863 yalipoteza migodi ya shaba ya Ducktown, Tennessee. Mkuu wao wa silaha, Josiah Gorgas, alilazimika kukusanya mitambo ya shaba ya kukenekea pombe na tapentaini huko North Carolina ili ikatwe fataki. Kazi ya kusubu mizinga ya shaba ikasimamishwa, shaba iliyosalia ibaki kwa fataki. Fikiri, msomaji: taifa linaloacha kutengeneza mizinga ili lipate vikofia!

Vita vilipokwisha, risasi ikabadilika sura. Baruti, kichwa cha risasi na fataki vikaunganishwa katika ganda moja la shaba. Mwaka 1866 watu wawili walitoa njia mbili za kuweka fataki kwenye kitako cha ganda. Hiram Berdan, Mmarekani, aliifanya fuawe, yaani kijinundu ambacho dawa hugongwa juu yake, kuwa sehemu ya ganda lenyewe. Edward Boxer, ofisa wa Kiingereza wa Woolwich, aliiweka fuawe ndani ya fataki, akaacha tundu moja katikati ya kitako. Ajabu ni kwamba njia ya Mmarekani ilienea Ulaya, na ya Mwingereza ikashika Marekani.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyowapa Wamarekani desturi ya kujaza risasi nyumbani. Katika ganda la Boxer, pini moja ikipitishwa kwenye tundu la katikati huisukuma nje fataki iliyokufa. Ganda la Berdan kwa kawaida lina vitundu viwili vidogo pembeni, na fuawe imekaa katikati, hivyo pini haina pa kupita. Mwindaji wa Marekani akayaokota maganda yake, akaenda nayo mezani kwake.

Mafundi wakamfuata na vifaa. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, ikauza chombo mfano wa koleo kilichofanya kazi kadhaa, pamoja na kupachika fataki. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alitoa kifaa cha bei nafuu kinachotumia nyundo tu. Wengi walikipenda, japo mara moja moja fataki ilipasuka mkononi na kumrusha mtu kitini. Hadi leo wajazaji hubishana juu ya kifaa kilicho bora. Mashine iliyofungwa mezani ni ya haraka, ila mtaimbo wake mrefu huficha hisia. Kifaa cha kubana kwa kiganja ni cha polepole, lakini vidole husikia fataki inapogusa chini. Vidole hivyohivyo hutambua ganda lililochoka, ambalo fataki huingia kwa ulaini usio wa kawaida, hilo hutupwa. Fataki iliyobaki imechomoza yaweza kukataa kulia, au ikalia kabla bunduki haijafungwa sawasawa. Kwa hiyo wenye uzoefu hupitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi.

Sasa turudi pwani yetu. Katika miaka ya 1880 makumi ya maelfu ya bunduki yalipita Unguja kwenda bara, nyingi zikiwa kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ulioihusu Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Lengo lililotajwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na hoja hiyo haikuwa ya uongo, maana bunduki na utumwa vilitembea pamoja. Lakini tazama walichokizuia na walichokiachia. Bunduki za kisasa, risasi zake na fataki zake zilizuiwa zisiuzwe. Kilichoweza kuruhusiwa kwa masharti ni gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliweza kuuziwa bunduki ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa nusu karne nyuma.

Ilipozuka Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Waliwakabili askari wa Kijerumani wenye bunduki za risasi za ganda na bunduki za rashasha. Ushujaa haukupungua upande wetu. Kilichopungua ni kiwanda.

Wala tusidhani kwamba jambo hili humpata mnyonge tu. Mwaka 2020 na 2021 fataki ziliadimika Marekani kwenyewe. Watu wenye mashine nzuri, maganda tele na baruti stoo walikaa wakizitazama. Kuchagua kifaa cha kupachikia fataki ni hiari ya fundi. Kupata fataki yenyewe ni hiari ya mwenye kiwanda.

Leo Afrika Mashariki ina viwanda vya risasi: Eldoret, Morogoro na Nakasongola. Mimi si shabiki wa bunduki, na ningefurahi fedha hizo zikienda kwenye dawa na madaftari. Lakini taifa likisema linajitegemea kwa ulinzi, mwananchi ana haki ya kuuliza swali ambalo Gorgas alijiuliza mbele ya mitambo ya pombe: fataki inatoka wapi? Na swali hilo tusiliache kambini. Tuliulize pia kiwandani, hospitalini na shambani, kila tunapooneshwa mtambo mkubwa unaong'aa. Mtambo waweza kuwa wetu, na ile punje ndogo inayouwasha ikawa bado ya mwingine.