John McLendon: Mwalimu wa Mbio Aliyenyimwa Uwanja

Mchezo wa mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, na mwalimu aitwaye James Naismith, ambaye alitakiwa kuwatafutia vijana wake jambo la kufanya ndani ya nyumba wakati baridi imewafungia nje ya viwanja, naye akatundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, akaandika kanuni 13, na mchezo ukaanza. Miaka saba baadaye Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akakaa huko akifundisha hadi uzeeni. Na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho alikuwamo kijana mmoja mweusi aliyekuja kuyapokea maarifa ya mchezo huu kutoka kinywani mwa mbunifu wake mwenyewe, ilhali chuo kile kile kilimharimishia kuucheza katika timu yake. Kijana huyo alikuwa John McLendon, na sira yake yastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa mchezo wa mbio unaotazamwa leo katika kila pembe ya dunia una alama ya mkono wake.

McLendon alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimboni Kansas. Alipoingia chuo kikuu mwaka 1933, alifuata usia wa baba yake, aliyemwambia amtafute Naismith na kumwomba awe mshauri wake wa masomo. Akaenda ofisini kwa mzee yule, akamweleza kuwa ametumwa na baba, na Naismith akampokea kwa moyo mkunjufu. Udugu wao wa elimu haukuondoa dhuluma iliyokuwapo. Wanafunzi wa elimu ya viungo walilazimika kujua kuogelea, lakini bwawa la chuo lilikuwa la wazungu tu. McLendon alipojitosa humo, maji yote yalimwagwa, kana kwamba yamenajisika. Naye hakurudi nyuma: alishikilia haki yake, Naismith akiwa upande wake, mpaka bwawa likafunguliwa kwa wote. Mwaka 1936 akahitimu, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo chuoni hapo, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Iowa kupata shahada ya pili.

Alichokibeba kutoka kwa ustadhi wake hakikuwa kanuni tu. McLendon mwenyewe alipata kusimulia kuwa siku moja walikuwa wakiwatazama watoto wakicheza, nao kwa kutojua taratibu za wakubwa waliukimbilia mpira popote ulipokwenda. Naismith akamwonyesha kuwa hivyo ndivyo inavyopasa, maana mchezo huanzia pale mpira ulipo, si pale timu inapokwenda kujipanga kuungojea. Kwa neno hilo McLendon alipata msingi wa kazi yake yote.

Mwaka 1937 aliajiriwa katika North Carolina College for Negroes, mjini Durham, na kuanzia mwaka 1940 akawa mkuu wa timu ya kikapu. Wakati ulimsaidia, kwani kanuni ya zamani ilitaka kila baada ya bao mpira urudishwe katikati na kurushwa juu ugombewe upya, na kanuni hiyo ilifutwa mwaka ule ule wa 1937. Makocha wengi waliendelea na mazoea ya kutembeza mpira polepole na kutupa kwa mikono miwili, miguu ikiwa imekita sakafuni; McLendon alitambua kwamba mpira unaoanzia chini ya kikapu waweza kufika upande wa pili kabla adui hajageuza uso. Akawakimbiza vijana wake masafa marefu hadi wakawa na pumzi isiyokwisha, akawafunza kuwabana wapinzani uwanja mzima badala ya kuwasubiri langoni, na kila walipoupata mpira wakashambulia kwa mbio. Hayakuwa machafuko, bali elimu iliyopangwa, ambayo baadaye aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1965.

Ushahidi wa elimu hiyo ulipatikana kwa siri. Durham ya mwaka 1944 ilitawaliwa na sheria za ubaguzi wa rangi, na jinsi zilivyokuwa na makali ilidhihirika mwezi wa Julai mwaka huo, dereva wa basi alipompiga risasi na kumwua askari mweusi kwa ugomvi wa kiti, kisha mahakama ikamwachilia. Miezi minne kabla ya hapo, Jumapili ya tarehe 12 Machi, wakati watu wa mji wako makanisani, timu ya chuo cha utabibu cha Duke, iliyojaa vijana wa kizungu ambao wengi wao walikuwa wamepata kuchezea vyuo vingine kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipenya kwa njia za kuzunguka hadi ukumbi wa McLendon, wachezaji wakificha nyuso zao kwa makoti. Milango ikafungwa. Vijana wa McLendon, waliokuwa wameshindwa mara moja tu msimu ule, walianza kwa wasiwasi, kisha mbio zao zikawaelemea wageni, na mwisho hesabu ikawa 88 kwa 44. Baada ya hapo wakafanya jambo lililokuwa zito kuliko ushindi wenyewe: walichanganyika, weusi na wazungu, wakaunda timu mbili mpya na kucheza tena. Siri hiyo ilitunzwa kwa miaka 52, hata mwanahistoria Scott Ellsworth alipoitoa hadharani mwaka 1996.

Kwa kuwa mashindano ya taifa yalivifungia vyuo vya weusi nje, McLendon na wenziwe walianzisha mashindano ya umoja wa vyuo vyao, CIAA, mwaka 1946, huku wakiendelea kugonga mlango uliofungwa. Mapema katika miaka ya 1950 shirika la NAIA, lililokusanya vyuo vidogo, likakubali kuwapokea. Mwaka 1954 McLendon alichukua timu ya Tennessee A&I, mjini Nashville, na alipoalikwa kuipeleka Kansas City kwa mashindano ya NAIA alitoa sharti kwamba wachezaji wake walale na kula katika hoteli zile zile walimokaa wengine; sharti likakubaliwa. Kisha, akiwa na vijana hodari kama Dick Barnett, alitwaa ubingwa wa NAIA mwaka 1957, 1958 na 1959, jambo ambalo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amelifanya kabla yake kwa miaka mitatu mfululizo.

Milango mingine ilifuata. Mwaka 1961 aliongoza Cleveland Pipers katika ligi ya kulipwa ya ABL, akiwa mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi kubwa ya zama zile. Mwaka 1966 Cleveland State ikamfanya mweusi wa kwanza kuiongoza timu ya kikapu ya chuo kikuu chenye wazungu wengi. Na mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa makocha wa Marekani katika Olimpiki ya Mexico. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1999, akiacha vyuoni ushindi uliozidi 500.

Hata hivyo, Jumba la Watukufu wa kikapu, linalobeba jina la Naismith mwenyewe, lilimwingiza mwaka 1979 kwa daraja la mchangiaji, si la kocha. Ilipasa kupita miaka 37, naye amekwisha kuzikwa, ndipo mwaka 2016 akaandikwa kwa kazi aliyoifanya umri wake wote. Kucheleweshwa huko kwafaa kutufundisha namna ya kuisoma historia ya michezo. Ushindi wa vyuo vya weusi ulipatikana katika kumbi ndogo, bila waandishi wa magazeti makubwa, dhidi ya wale wapinzani tu ambao sheria iliruhusu kukutana nao, na kwa sababu hiyo watu wengi waliuhesabu kuwa pungufu. Ilhali upungufu ulikuwa wa wale waliokataa kushindana. Insafu yataka kocha apimwe kwa ubora wa elimu aliyoitoa na kwa watu waliokuzwa nayo, na kwa mizani hiyo McLendon alikuwa mwalimu mkubwa tangu Durham, kabla ya daftari lolote kukubali kuliandika jina lake.