Kidichi na Kizimbani: Nakshi na Karafuu

Aendaye Kidichi kutoka mji wa Unguja huiacha minazi nyuma, njia ikapanda taratibu hadi penye mikarafuu. Na hapo juu huikuta hamamu. Seyyid Said bin Sultan aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Ndani mna nakshi za chokaa: maua, mitende na tausi. Seyyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, amemweleza mama huyo wa kambo kuwa mpenda farasi na mawindo, ambaye hatimaye aliachika akarudi kwao.

Kizimbani, si mbali na hapo, iko hamamu nyingine, isiyo na nakshi. Lakini Kizimbani ina jambo zito kuliko nakshi. Huko, pamoja na Mtoni, ndiko Saleh bin Haramil alikopanda mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19, mbegu zikitoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye Seyyid Said alimnyang'anya mashamba hayo, na zao likaenea Unguja na Pemba.

Mkarafuu hungojewa miaka sita au zaidi kabla haujazaa, na karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka. Kazi hiyo waliibeba watumwa waliotolewa bara, wengi wao kwa njia ya Kilwa. Wao ndio waliofyeka misitu na kupanda miche. Bibi wa Kiajemi amebakiwa na jumba. Wao hawakuachiwa jumba.

Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, ikashika uongozi wa zao hili. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi eka tatu tatu, ingawa ilibaki mali ya Serikali, na karafuu ikaendelea kuuzwa kwa Serikali.

Nakshi za Kidichi zimeliwa na unyevu. Lugha ya wachumaji ingali nzima: kuchambua, makonyo, jamvi, pishi. Maneno hayo hayakuchongwa ukutani. Yamerithiwa kinywa kwa kinywa. Atakaye historia ya mahali hapa na aingie hamamuni awatazame tausi. Kisha atoke, aketi na wanaochambua karafuu, asikilize.