Aliyevuka bila kusimama

Picha ile niliipiga asubuhi ya Jumamosi, kwenye kijito kinachoshuka kutoka Milima ya Matogoro, nje kidogo ya mji wa Songea. Maji yalitoka meupe kama moshi unaotambaa juu ya mawe. Niliporudi nyumbani nilimwonyesha bibi yangu kwenye simu, nikisubiri sifa. Aliisogeza simu mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Na yule mama je?" akauliza.

Nilikuwa nimemsimulia kwamba nimekutana na jirani yetu kijitoni. Nilimwamkia, akaitikia, akavuka mbele ya kamera na ndoo yake kichwani.

"Haonekani, bibi. Alipita, hakusimama."

"Kwa hiyo asiyesimama haonekani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni maelezo ya ufundi.

Ili maji yawe moshi, kamera lazima iache mlango wake wazi kwa muda mrefu, na mchana mwanga ni mwingi mno kwa kazi hiyo. Ndiyo maana wapiga picha huweka mbele ya lenzi filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga bila kubadili rangi. Filta ya hatua 10 hupitisha kama sehemu moja tu kati ya 1,000 ya mwanga. Picha ambayo ingechukua 1/30 ya sekunde huhitaji takriban sekunde 34. Filta ya dukani ilinishinda bei, nikanunua kioo cha ngao ya fundi wa kuchomelea vyuma, nikakifunga kwenye lenzi kwa mipira ya kufungia noti. Picha zake hutoka za kijani, nami huzigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Kwa kujaribu na kukosea niligundua kwamba asubuhi, kivulini, sekunde 30 zinatosha.

Jirani yetu alivuka kwa sekunde nne hivi. Hakuna mahali kwenye picha alipokaa hata sekunde moja kamili, ilhali mawe nyuma yake yalipokea mwanga muda wote. Mawe yakamfunika.

Hilo ni la zamani kama picha zenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, akaiacha wazi kwa dakika kadhaa. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha ni mtupu, isipokuwa mtu mmoja anayeng'arishwa viatu. Yeye alionekana kwa sababu alisimama kusubiri.

Kamera za polepole zilifika mapema katika maeneo haya. Mwaka 1861, na tena mwaka 1862, David Livingstone alijaribu kuupanda Mto Ruvuma kutoka baharini, akitumaini kwamba unatoka Ziwa Nyasa. Pamoja naye alikuwepo John Kirk, daktari aliyekuwa pia akipiga picha katika msafara huo. Maji yaliwashinda, wakarudi. Ruvuma hautoki ziwani. Unaanzia hapa, Matogoro. Kutoka milima hiihii hutoka pia Luhira, ambao maji yake huishia Ziwa Nyasa, na Luwegu, ambao huungana na Kilombero kuwa Rufiji.

Kwa mtu wa Songea, Rufiji si jina la mto tu. Ni upande huo, kijijini Ngarambe, alikotokea Kinjikitile Ngwale. Masimulizi yanasema alizama kwenye bwawa la mto akatoka siku iliyofuata akiwa mkavu, akaanza kutoa dawa ya maji iliyochanganywa na mtama na mbarika. Dawa hiyo iliaminika kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, na kabla ya mwaka kwisha dawa ilikuwa imefika Ungoni, ikiletwa na Omari Kinjala. Maji ya Matogoro huteremka hadi Rufiji. Dawa ya Rufiji ilipanda hadi kwetu.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea. Kaburi lao la pamoja liko Mahenge, penye Makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari tunawakumbuka mashujaa 67. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mkomanile, aliyesaidia kuieneza dawa ya maji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa, na ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta.

Kufikia mwaka 1906 kamera zilikuwa na kasi ya kutosha kumshika mtu anayetembea. Hata hivyo, katika picha za wakoloni za miaka ile tunakutana sana na watu waliosimamishwa: askari kwenye mstari, wafungwa wenye minyororo shingoni. Wanaonekana vizuri kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka. Lakini wengi waliokufa katika vita vile hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Majeshi yalichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao walikuwa wakitembea, wakitafuta mizizi porini, wakibeba watoto. Nani angewasimamishia kamera?

Sisemi kwamba kioo changu cha fundi kimefanya kosa la Wajerumani. Ila nilikuwa nimeiita ile picha "safi", na nilimaanisha kwamba haina mtu. Katika kijito chenye historia hii, neno hilo lilianza kunisumbua.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mapema, nikamsubiri jirani yetu. Nilimwomba asimame katikati ya maji kwa sekunde 30 tu, nimpige kwa kioo kilekile.

Alicheka. "Mwanangu, maji ni ya baridi na watoto wanangoja uji. Piga nikiwa napita."

Nikavua kioo na kupiga kwa 1/250 ya sekunde. Maji kwenye picha hiyo si moshi. Ni ya kahawia kidogo, yamekatikakatika, hayana uzuri wowote wa kuwekwa ukutani. Mguu wake mmoja uko hewani, tone linaning'inia kisiginoni, na mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo.

Bibi aliitazama bila kuisogeza mbali. Akamtaja jirani yetu kwa jina, kisha akauliza kama nimempelekea na yeye picha yake.