Kikoa

Watengeneza tovuti wanapokutana jioni, neno kikoa halikosi kutajwa: kikoa cha fulani kimeisha muda, mteja anataka kinachoishia na .tz badala ya .com. Kwao ni anwani tu. Lakini zamani neno hilo lilihusu mlo: watu wa pwani walikuwa wakila kikoa, yaani chakula cha pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Aliyelitwika neno hili kazi ya kompyuta alikuwa jasiri, ila mimi sijashawishika: anwani husajiliwa na mtu mmoja, hulipiwa ada, na hakuna anayealikwa. Kinachofanana na kikoa cha kale ni mikutano yenyewe. Safari hii huyu anafundisha PHP, mwezi ujao mwenzake ataeleza namna ya kulinda nywila, na soda wanachangishana.