Somo la Historia: Kuziba Njia ya Maumivu

Fungueni madaftari yenu, mwandike neno hili: ganzi.

Je, umepata kuulalia mkono mpaka ukafa ganzi? Ukiufinya, husikii kitu. Madaktari nao walijiuliza: hatuwezi kutia ganzi mahali pamoja tu, mgonjwa akabaki macho?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1884, katika mji wa Vienna. Daktari kijana, Carl Koller, alitia jichoni matone ya kokeini, dawa itokayo katika majani ya mkoka wa Amerika ya Kusini. Jicho likafa ganzi, likaweza kupasuliwa bila maumivu. Muda si mrefu, huko New York, Daktari William Halsted alipiga sindano ya dawa hiyo karibu na mshipa wa fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu: hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Halsted alizizuia njiani. Lakini alijijaribia mwenyewe, na kokeini ikamfanya mtumwa wake. Basi ikatafutwa dawa iliyo salama zaidi. Mwaka 1943, huko Sweden, Nils Löfgren alitengeneza lidokeini, ambayo hutumika hata leo.

Sasa tuje kwenye nyonga. Mwaka 1962, huko Wrightington, Uingereza, Daktari John Charnley alianza kuweka nyonga ya bandia yenye kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu. Mzee aliyekuwa akijikokota aliweza kutembea tena. Lakini baada ya kupasuliwa, maumivu huwa makali. Mgonjwa asiyeondoka kitandani huweza kuganda damu miguuni. Mofini hutuliza maumivu, lakini ikizidi humlevya mgonjwa, na hata kupunguza pumzi zake.

Ndiyo sababu sindano ya ganzi ikapendwa. Hata hivyo, ukiutia ganzi mshipa mkubwa wa paja, maumivu hupungua, na goti nalo hulegea. Mgonjwa akisimama, huweza kuanguka. Hapo ndipo penye kazi: kuondoa maumivu bila kuondoa nguvu.

Mwaka 1994, madaktari wa Vienna, mji ule ule wa Koller, walieleza jinsi ya kuongoza sindano kwa mashine ya mawimbi ya sauti, inayoonyesha ndani ya mwili. Na mwaka 2018, madaktari wa Toronto, Kanada, walieleza sindano ya kutia ganzi matawi madogo yanayoihudumia nyonga, ili paja libaki na nguvu. Waliianza kwa watu waliovunjika nyonga. Sasa hutumika pia kwa wenye nyonga za bandia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mzazi wako akipigwa sindano hiyo, usimwache asimame peke yake hata akisema hasikii maumivu. Mwite muuguzi kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Maswali ya darasa:
1. Mishipa ya fahamu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mtu asiyesikia maumivu huweza kuanguka?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.